Mkao wa Mkeka

Jioni ile tulikuwa watu wanne ndani ya ukumbi wa paa la mabati pale Tarasaa, kwenye delta ya mto Tana, tukitayarisha maonyesho madogo ya kazi za mikono. Mimi nilipewa kuta. Nilikuwa nimeshatundika mkeka mkubwa wa ukindu, nikarudi nyuma hatua tano kuutazama, nikaridhika. Mistari yake ya zambarau na kijani ilikata ukuta kutoka kushoto hadi kulia, imelala kama maji ya Tana yanapojaa na kutulia mashambani. Mama aliyeusuka alikuwa amekaa mlangoni akijipepea. Akainuka, akaja hadi chini ya mkeka, akanyoosha mkono na kuweka kidole gumba kwenye mshono wa juu.

"Mwanangu, umeulaza ubavu," akasema. "Njoo uone."

Nikasogea. Pale alipoweka kidole uzi ulikuwa umevutika, na kati ya ukili mmoja na mwenzake palikuwa na mwanya mwembamba kama unywele. Chokaa ya ukuta ilionekana nyuma yake. Mkeka ulikuwa haujamaliza hata nusu saa pale juu.

Mtu akiingia kwenye maonyesho hukuta mambo yote yamekwisha. Vitu viko mahali pake, kadi zimebandikwa, sakafu imefagiwa. Husifu msusi, husifu mchongaji, hutoka. Aliyekaa usiku kucha akihamisha kitu kimoja kutoka kona hii hadi ile hatajwi, na wengi hudhani kazi yake ni nyundo na misumari tu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka kidole cha mama yule kilipogusa mshono. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuuheshimu ufundi huu, na kuelewa kwamba hauanzii ukutani. Unaanzia mtoni.

Mkindu humea pale ambapo maji ya Tana huulowesha udongo. Kwenye vitabu vya mimea jina lake ni Phoenix reclinata. Matunda yake yanagombaniwa: katika vipande vya msitu vilivyobaki kandokando ya mto huu huishi mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na mangabi hutegemea sana tunda la mkindu. Mwanadamu hutafuta jani. Na si jani lolote. Msusi hulitaka kuti changa, lile la katikati ambalo bado limejifunga kama mwavuli, kwa sababu likishafunguka na kupigwa na jua juu ya mti huwa gumu na hukatika likikunjwa. Anayejua kazi hukata hilo moja akaacha mengine, akahamia mti wa pili. Ukiona mkindu umenyolewa wote, jua aliyepita hapo hana nia ya kurudi.

Makuti huanikwa. Kijani hugeuka rangi ya maziwa siku baada ya siku, na kila jioni huingizwa ndani, maana yakinyeshewa mvua au yakilala na umande hutoka madoa meusi yasiyofutika. Kisha huja kuchana. Kila jani hupasuliwa kwa ukucha au kwa ncha ya sindano, likawa chane nyembamba zilizolingana. Nimejaribu. Chane zangu zilianza na upana wa kijiti cha kiberiti zikaishia kama uzi wa kushonea, na mama akaziweka kando kwa upole akasema zitafaa kufungia mboga. Zake zililingana kutoka mwanzo hadi mwisho, na macho yake yalikuwa kwa mtoto aliyekuwa akichezea moto.

Zinazotiwa rangi huchemshwa. Siku hizi rangi ni ya unga, inauzwa dukani kwa pakiti ndogo, na mkono wa msusi hubaki na zambarau siku kadhaa. Zile zisizotiwa rangi huachwa zilivyo. Halafu zote hulowekwa kidogo zilainike, na hapo ndipo kusuka kunaanza.

Asiyejua hufikiri mkeka husukwa kama kitambaa, kutoka ukingo hadi ukingo. Mkeka wetu hausukwi hivyo. Kinachosukwa ni ukili: utepe mmoja mwembamba, wenye upana wa vidole vichache, unaorefuka bila kukoma. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unapitisha chane juu, chini, juu, chini, na kila chane inapokaribia kwisha nyingine inachomekwa kabla ile ya kwanza haijatoka. Ncha zote zinasukumwa upande mmoja. Ndiyo maana mkeka una uso na una mgongo. Usoni hakuna mahali utakapoona chane imeanza wala imeishia; mgongoni ncha zote zipo, zimekatwa fupi, zinakwaruza kiganja. Ukili ukifika mrefu huviringishwa kama gurudumu na kuwekwa darini. Hupimwa kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa. Kazi hii haina siku yake. Hufanywa katikati ya kazi nyingine: baada ya shamba, kabla ya sufuria kuchemka, njiani kwenda kisimani, matangani watu wakiwa wamekaa kimya. Nimemwona mwanamke akitembea barabara ya kwenda Ngao na ukili ukining'inia kutoka vidoleni, hatua na vidole vikienda kwa mwendo mmoja.

Mwisho ni kushona. Ukili hukatwa kwa urefu wa mkeka, vipande hulazwa ubavu kwa ubavu, na uzi wa ukindu hupitishwa ukivuta ukingo wa huyu uingie kwenye ukingo wa huyu mpaka mshono unapotea machoni. Hupotea machoni, lakini upo. Na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Nilipoutundika mkeka kwa namna ambayo kili zote zimelala, kila ukili ulikuwa unaning'inia kwenye uzi ulioushika ule wa juu yake, na uzi wa juu kabisa ulibeba mkeka mzima. Uzi ule haukutengenezwa kubeba. Kazi yake ni kushikanisha majirani waliolala chini, kwenye sakafu ambayo ndiyo inayobeba kila kitu. Chenye nguvu kwenye mkeka ni ukili wenyewe, kwa urefu wake.

"Kili zishuke," mama akasema. "Kama unataka usimame, basi usimame kwa miguu yake."

Tukauteremsha. Yeye akachukua kipande cha leso kuukuu, akakishona mgongoni mwa mkeka karibu na pindo, mishono midogo inayoingia kwenye kila ukili, ikawa kama mfereji wa kitambaa. Tukapitisha mwanzi ndani yake. Mwanzi tukaufunga kamba pande mbili, tukautundika. Hakukuwa na msumari uliogusa ukindu. Uzito uligawanyika kwa kili zote sawasawa, na mwanya ule ukajifunga wenyewe.

Nikarudi nyuma tena hatua tano. Kilikuwa kitu kingine. Mistari ya zambarau na kijani ilikuwa inashuka sasa, kama mvua ya masika unapoiona kwa mbali ikija kutoka baharini juu ya tambarare. Nilijifunza kwamba jicho langu, lililoridhika nusu saa kabla, lilikuwa limeridhika na picha. Lilikuwa halijauona mkeka.

Kiswahili kina neno ambalo kwangu linabeba ufundi wote huu: mkao. Kila kitu kilichotengenezwa kwa mkono kina mkao wake, namna kilivyozoea kukaa duniani, na mpangaji wa maonyesho anayejua kazi yake huanza kwa kuutafuta. Mkeka umezoea kutazamwa kutoka juu na mtu anayekaribia kuukalia. Mkeka wa pili tuliulaza kwenye jukwaa la mbao lililoinuka shibiri moja tu kutoka sakafuni, dirisha likiwa ubavuni ili mwanga uuparuze na kuonesha kupanda na kushuka kwa chane. Kwenye nyumba kubwa za sanaa kuna kawaida ya kuweka kitovu cha picha sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, urefu wa jicho la mtu mzima aliyesimama. Ni kawaida nzuri kwa picha. Kwa vitu vya delta hii jicho lina makao mengi: la anayekaa chini, la anayeinama mtoni, la mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Mtumbwi ulitufundisha zaidi. Kijana mmoja mvuvi alikubali kutuazima wake, mdogo, uliochongwa kutoka gogo moja. Zamani mti uliosifiwa kwa kazi hii ulikuwa ni ule ambao wataalamu huuita Populus ilicifolia, ndugu wa mipopla ya nchi za baridi uliojikuta mbali na wenzake kwenye kingo za Tana. Siku hizi mingi huchongwa kutoka mwembe. Alama za tezo zilikuwa bado ndani, moja baada ya nyingine, fupi na za kina kimoja, kama magamba ya samaki. Mara ya kwanza tuliuweka juu ya meza mbili. Ulionekana kama jeneza, na hakuna aliyetaka kusema hivyo. Mwenyewe akaja, akautazama, akauliza kwa nini tumeunyanyua juu hivyo hali mtumbwi huonwa kutoka juu na mtu anayetaka kuingia. Pia akatuonya: ukikauka kabisa kwa siku mbili kwenye joto la mabati, utapasuka. Tukaleta mchanga wa mtoni kwa gunia, tukautandaza, tukaulaza mtumbwi hapo, ukingo wake ukifika magotini, na kila asubuhi mvulana mmoja alimwagia mchanga maji na kufuta ndani kwa kitambaa kibichi. Chumba kikaanza kunuka mto. Sikuwa nimepanga hilo, lakini hakuna kadi ambayo ningeiandika ingeeleza mtumbwi vizuri kuliko harufu ile.

Harufu ikatupa wazo. Mama mmoja wa Kiorma alileta chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, zimebanwa mpaka maziwa hayavuji tone. Vyombo hivi hufukizwa ndani kwa moshi wa vijiti vyenye harufu nzuri, maziwa yapate ladha na yasiharibike upesi. Nikataka kukiweka kwenye kabati la kioo, kwa heshima. Akakataa. Alitaka kifuniko kifunguliwe na watu wainame wanuse. Tukakiweka kwenye kigoda kifupi karibu na mlango, kimefunguliwa, na siku zote mbili niliwaona watu wazima, wanaume wenye bakora, wakiinama mbele ya kigoda na kufumba macho.

Kulikuwa na jambo gumu kuliko yote haya, nalo ni nani akae karibu na nani. Tarasaa na Garsen ni mahali ambapo Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wagiriama na wengine hukutana sokoni kila wiki. Pia ni mahali ambapo kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano kati ya wakulima na wafugaji, vijiji vikachomwa, na watu wakalala kambini. Mpango wetu wa kwanza ulikuwa wa kawaida kabisa: ukuta huu vitu vya Wapokomo, ukuta ule vya Waorma, vya Wagiriama nyuma. Ndivyo makumbusho mengi duniani yanavyopanga, kabila kwa kabila, na tulidhani ni heshima. Mzee mmoja aliyekuja kutusalimu alisimama katikati ya chumba, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema polepole, "Mmetugawa tena."

Tulikaa kimya kitambo. Kisha tukashusha kila kitu na kuanza upya.

Mara ya pili tulifuata matumizi. Vitu vya maji vilikaa pamoja: mtumbwi, kafi, mitego ya samaki, na ndoo ya kunyweshea mifugo. Vitu vya chakula vikakaa pamoja, chombo cha maziwa kikiwa ubavuni mwa ungo wa mpunga. Na upande wa vitu vya kulalia ndipo nilipoona jambo ambalo nisingeliona katika mpango wa kwanza. Wanawake wa Kiorma hujenga nyumba za mviringo kwa fito zilizopindwa na kuzifunika kwa mikeka na majani, na kipande kimoja cha mkeka wa namna hiyo kililetwa na familia moja ya wafugaji. Tulipokitundika karibu na mkeka wa kulalia wa mama wa Kipokomo, yule mama akakiendea, akakunja ukingo kutazama mgongo wake, akachunguza ncha zilipofichwa. Akamwita mwenye kipande kile. Wakasimama pale wawili, mmoja akishika kazi ya mwenzake, wakiulizana mambo ya vidole ambayo sikuyafuata. Mkeka mmoja hulazwa chini ya mtu na mwingine hutandazwa juu yake, na mikono iliyoitengeneza ilikuwa inafahamiana kabla wenyewe hawajajuana majina.

Kadi zilikuwa kazi ya usiku wa mwisho. Tuliziandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwa wino mweusi. Nimesoma kadi nyingi kwenye makumbusho, na nyingi zina desturi moja inayonichoma: hutaja jina la aliyekusanya kitu, mwaka alioukusanya, na kabila kilikotoka. Aliyekitengeneza huwa hana jina. Basi nilimwuliza mama jina lake kamili niliandike. Akanitajia, halafu akataja jina la mama mkwe wake, marehemu, aliyemfundisha kushona. Akataka yote mawili yaandikwe, la mama mkwe likitangulia. Kadi ilikuwa ndogo, ikabidi nikate nyingine.

Mambo haya yamejaribiwa kwetu zamani. Mwaka 1965 Elimo Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya sanaa iliyokuwa mikononi mwa wasanii wenyewe wakati ambapo kuta nyingi za maonyesho jijini zilishikwa na wageni. Wasanii wale waliamini kwamba anayeamua kitu kitazamwe vipi anashika nusu ya maana yake. Nilipokuwa nikikata kadi ya pili pale Tarasaa, niliona walikuwa sahihi.

Na sasa nifike kwenye kitu ambacho hakikuwapo chumbani.

Wapokomo walikuwa na ngoma kuu, Ngadji. Ilikuwa gogo kubwa lililokombwa, ngoma takatifu, alama ya mamlaka ya watawala wao, na sauti yake ndiyo iliyowaita watu. Haikuwa ya kutazamwa ovyo na kila mpita njia. Mwaka 1902 maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua. Mwaka 1908 ikaingia British Museum mjini London, na huko imekaa ghalani zaidi ya miaka 100. Mwaka 2016 Baiba Dhidha Mjidho, wa ukoo wa utawala wa Wapokomo, alifika London akaoneshwa ngoma ya babu zake. Alikwenda kama mgeni mwenye miadi.

Sisi tuliokuwa tukipanga chumba tuliulizana: Ngadji tuitaje vipi? Mmoja wetu alitaka picha yake kutoka mtandaoni, iliyochapishwa kubwa. Picha zipo. Lakini wazee walipoulizwa hawakupenda, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona walivyokuwa na haki. Mkao wa ngoma ile ulikuwa kusikika. Kuiweka ukutani kwa picha ingekuwa kurudia kwa karatasi jambo lilelile: kuifanya kitu cha macho.

Nilikumbuka maonyesho yaliyofanyika mwaka 2021 kwenye Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, yaliyoitwa Invisible Inventories. Yalitengenezwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na vikundi vya wasanii vya Nest na SHIFT, na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Köln na Frankfurt, ambako yalihamia baadaye. Walikuwa wametafuta vitu vya Kenya vilivyoko nje na kupata orodha ya zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Wangeweza kujaza ukumbi kwa picha. Walichofanya ni kuweka makabati ya kioo yasiyo na kitu ndani. Uliyaendea, ukainama kama ulivyozoea kuinama mbele ya kioo, ukakutana na rafu tupu. Ninawastahi sana waliofikia uamuzi ule. Kuacha mahali patupu ni kazi ngumu ya mpangaji, kwa sababu mkono wake umezoea kujaza, na mahali patupu pakipangwa vibaya huonekana kama uzembe. Pale Nairobi kila kabati tupu lilikuwa limesafishwa, limewashiwa taa, limepewa nafasi yake.

Tarasaa hatukuwa na kabati la kuacha tupu, wala taa za kuliwashia. Tulifagia sehemu moja karibu na ukuta wa mashariki, upana wa mkeka mmoja, hatukuweka kitu. Hatukuweka hata kadi. Mzee yule aliyesema tumewagawa aliomba kigoda, akakaa kando ya mahali pale, na aliyetaka kujua alimwuliza. Aliwaeleza kwa sauti ndogo, kila mmoja kwa wakati wake, na watoto wa shule walichutama kumzunguka bila kuambiwa. Kwa hiyo Ngadji ikafika Tarasaa kwa njia ya sikio, nami nadhani wazee wale ndio waliokuwa wapangaji bora kuliko sisi sote.

Alasiri ya siku ya pili mwanamke mmoja aliingia na mtoto mchanga aliyekuwa akilia. Akakaa karibu na mzee, akaanza kumbembeleza mtoto kwa wimbo wa Kipokomo. Kila Mkenya anaujua mwendo wa muziki wa namna ile hata kama hajafika Garsen maishani mwake, kwa sababu mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikitafuta wimbo wa taifa, tume iliyopewa kazi hiyo ilichukua mahadhi ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, kwa mchango wa Meza Morowa Galana. Watu waliokuwa wakizungumza karibu na mtumbwi wakanyamaza. Mvulana aliyekuwa na kitambaa kibichi mkononi alisimama wima, bila kujua kama anatakiwa kusimama. Sikuwa nimeupanga wimbo ule popote kwenye karatasi yangu. Nilichofanya ni kunyanyua kiti kilichokuwa njiani ili asikike mpaka mlangoni.

Jua lilipokaribia kutua tulianza kuteremsha. Kuteremsha nako kuna adabu yake, kwa sababu vitu hupata majeraha zaidi vinapoondoka kuliko vinapoingia. Watu wamechoka na gari linapiga honi nje. Mtumbwi ulibebwa na vijana wanne na kurudishwa majini kabla ya giza. Chombo cha maziwa kilifungwa kifuniko chake na kuvikwa mikanda ya ngozi. Mkeka wa mama ulikuwa wa mwisho. Tulipoutoa kwenye mwanzi, yeye akafumua leso mshono kwa mshono, akakunja kile kitambaa na kukitia kifuani. Mahali mwanzi ulipopita palikuwa pamebaki mkunjo, mstari ulioinuka kidogo kutoka pindo hadi pindo.

Nikamwomba radhi. Hakunijibu. Akautandaza mkeka sakafuni, uso juu, akachukua maji kwa kiganja akanyunyiza kwenye mkunjo. Akatutazama sote, mzee na bakora yake, mama wa Kiorma aliyekuwa akisubiri gari, kijana wa mtumbwi aliyerudi miguu imelowa.

"Kaeni," akasema. "Kaeni hapa kwenye mstari."

Tukavua viatu, tukakaa. Mtu akaleta maembe kwenye sufuria. Tulikaa pale mpaka giza likaingia, na mama alipotuinua akawasha tochi ya simu, akapitisha kiganja mahali mkunjo ulipokuwa, kutoka pindo hadi pindo, akauviringisha mkeka, akauweka begani.